Gemu imeharibika au dadu zimekukataa? Utatuzi wa matatizo ya Baldur's Gate

Ukikaa Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, na watu wakajua unaicheza Baldur's Gate, utaletewa laptopu kama fundi. Malalamiko ni yale yale: upanga unapita hewani, mchawi kagoma kuloga, wenzangu wamenikimbia, gemu imeganda, umeme umekatika na sevu haifunguki. Kesi nyingi kati ya hizo kompyuta haihusiki kabisa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza kwa kutenganisha ugonjwa wa mashine na ugonjwa wa mchezo. Ukikosea hapo utafuta gemu, utaipakua upya kwa bando lako mwenyewe, na upanga utaendelea kupita hewani vilevile.

Ninaongelea Baldur's Gate ya kwanza, iliyotoka 1998, kazi ya BioWare ya Kanada, katika sura yake mpya ya 2012 inayoitwa Enhanced Edition. Ndiyo inayochezeka kwenye laptopu za mtumba na hata kwenye simu za Android. Baldur's Gate 3 ya 2023 ni habari nyingine. Ile inataka nafasi ya GB 150 kwenye SSD, na mtu mwenye mashine ya namna hiyo hapa mwisho wa reli hahitaji ushauri wangu.

Kipimo cha kwanza kabla ya kugusa chochote

Gemu hii ni mchezo wa mezani ulioingizwa ndani ya kompyuta. Dungeons & Dragons, ya Gary Gygax na Dave Arneson, ilitoka Marekani mwaka 1974. Watu wanazunguka meza, kila mmoja na karatasi ya mhusika wake, mmoja anasimulia hadithi, na dadu zinaamua nani kapona na nani kafa. Baldur's Gate imefuata kanuni za toleo la pili la mchezo huo, la 1989. Kila unapomwamuru mtu wako ampige adui, kompyuta inarusha dadu ya pande 20 usiyoiona.

Basi ione. Fungua Options, ingia Gameplay, kisha Feedback, washa To Hit Rolls. Rudi vitani ukitazama kisanduku cha maandishi chini ya skrini. Utaona kitu kama "Attack Roll 7 + 1 = 8 : Miss". Dadu imeangukia 7, ukaongezewa 1, ukapata 8, haikutosha, umekosa. Ukiona namba hizo zinapita, mashine yako ni nzima na tatizo liko kwenye kanuni. Kama skrini ni nyeusi, gemu inajifunga yenyewe au sevu haifunguki, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya mashine huko chini.

Kuna hali ya tatu: hakuna namba, hakuna kosa, na watu wako wamesimama kama sanamu. Bonyeza kitufe kirefu cha spesi. Ulikuwa umesimamisha gemu.

Upanga unapita hewani tu

Hii ndiyo kesi kubwa, tuikalie.

Fungua ukurasa wa taarifa za mhusika utafute namba iitwayo THAC0. Mpiganaji wa levo ya kwanza anaanza na 20. Adui naye ana AC, yaani ugumu wake wa kupigika. Chukua THAC0 yako, toa AC yake, kinachobaki ndicho dadu inachotakiwa kufikia. Adui mwenye AC 5: 20 toa 5 ni 15. Unampata dadu ikiangukia 15 hadi 20, nafasi 6 kati ya 20, asilimia 30. Mwenye AC 2 anataka 18 kwenda juu, asilimia 15 tu. Kwa hiyo mpiganaji wako mpya akikosa mara saba katika kumi hajarogwa, ndivyo hesabu ilivyo. Dadu ikisimama kwenye 20 unapata hata adui awe nani, ikisimama kwenye 1 unakosa.

Kinachowachanganya watu ni kwamba namba zote mbili, THAC0 na AC, zinakuwa bora zikishuka. Asiyevaa kitu ana AC 10. Vazi la ngozi linampeleka 8, la minyororo 5, plate mail 3. Namjua mtu aliyeuza vazi la minyororo kwa sababu "lilimpunguzia AC kutoka 10 hadi 5". Kwa muda wote uliofuata alikuwa anapigwa na mbwa mwitu akiwa kifua wazi na kulaumu RAM.

Hesabu ikishakukaa, angalia silaha. Kila mhusika amefunzwa silaha chache, na ukimpa ambayo hakufunzwa anakatwa alama kwenye kulenga: mpiganaji 2, mwizi na kasisi 3, mchawi 5. Mchawi aliyeshikishwa silaha asiyoijua ni mtalii. Kisha angalia nguvu. Strength ya 16 inaongeza madhara lakini haikusaidii kulenga, na kulenga kunaanza kuongezeka kwenye 17. Ndiyo maana wakongwe wanabonyeza Reroll, yaani kurusha dadu upya, kwa muda mrefu wakati wa kutengeneza mpiganaji, na wana haki.

Dawa yenyewe kwa levo za mwanzo ni upinde. Upinde unatoa mishale miwili kwa raundi, Dexterity (wepesi) ya 16 kwenda juu inaongeza kulenga, na adui anapigwa akiwa bado anakuja. Mpe kila anayeweza kuushika. Watu wengi hapa hawaupendi kwa sababu wanataka kuona panga zinagongana, na hao hao ndio wanaoleta laptopu.

Ninakufa kabla sijafika popote

Mchawi wa levo ya kwanza ana uhai wa 4, labda 6 kama Constitution yake, yaani uimara wa mwili, ni nzuri. Mbwa mwitu mmoja anatosha kummaliza kwa kuumwa mara moja. Na kiongozi wako, yule uliyemtengeneza mwenyewe, akifa, gemu imeisha hapo hapo. Wengine wanaweza kufufuliwa hekaluni kwa dhahabu, ila vitu vyao vinabaki chini walipoangukia, usisahau kuviokota.

Sababu ya kawaida ni njia. Baada ya kutoka Candlekeep, ngome unapoanzia, na mlezi wako Gorion kuuawa, gemu inakuachia ramani nzima, na mgeni anaanza kuzurura kila upande kama yuko sokoni. Nenda na Imoen, rafiki yako wa utotoni, moja kwa moja kaskazini hadi nyumba ya wageni ya Friendly Arm Inn. Khalid na Jaheira, marafiki wa Gorion, wako ndani wanakusubiri, na mkishakuwa wanne mambo yanabadilika.

Tatizo ni kwamba kwenye ngazi za nyumba hiyo kuna mtu. Kijana mmoja wa Kibirizi aliniandikia: "Kaka shikamoo. Huyu jamaa wa ngazini ananisalimia vizuri tu, halafu watu wangu wote wanakimbia ovyo na mimi nakufa. Ni bagi?" Marahaba mdogo wangu, si bagi (kosa la programu), anaitwa Tarnesh, ni mchawi aliyetumwa akuue. Anajizungushia vivuli vya kumfanana, anawatia watu wako woga, ndiyo maana wanakimbia bila kukusikiliza, kisha anakumalizia kwa Magic Missile, mishale ya uchawi.

Anavunjwa hivi. Sevu kabla ya kupanda ngazi. Maongezi yakiisha tu, simamisha gemu. Mchawi akipata jeraha akiwa katikati ya kutamka uchawi wake, uchawi unaharibika, kwa hiyo kila mtu ampige sekunde ile ile, asiachwe kutamka hata mara moja. Imoen ana fimbo ya Magic Missile kwenye mzigo wake tangu mwanzo, na wengi hawajawahi kufungua mfuko wake wakaiona. Fimbo hiyo haitaki kulenga, haikosi. Vivuli vikishatokea itabidi uvipasue kwanza, kwa hiyo wahi. Ukianza maongezi karibu na walinzi wa pale, nao wanaweza kumrukia.

Jambo dogo ambalo halisemwi sana: kofia ya chuma. Dadu ya adui ikiangukia 20 pigo lake ni maradufu, na kofia inazuia hilo. Ni bei rahisi. Nunua kabla ya kununua upanga mzuri.

Tena, usijaze kikosi chote wapiganaji. Msafara wa watu sita ni kama ile iliyokuwa ikitoka pwani kupitia Tabora hadi Ujiji: mwenye bunduki peke yake hafiki, lazima kuwe na anayejua njia na anayetibu. Weka wawili wenye chuma mbele, kasisi mmoja, mwizi mmoja wa kuona mitego, na angalau mchawi mmoja. Ila kumbuka alama za uzoefu zinagawanywa kwa walio hai kikosini, kwa hiyo sita wanapanda levo polepole kuliko wanne.

Mchawi amesahau uchawi wake

Hajasahau, ameutumia. Katika kanuni hizi uchawi unahifadhiwa kichwani kama risasi ndani ya bunduki. Mchawi wa levo ya kwanza anahifadhi mmoja tu kwa siku. Akishautoa, umekwisha hadi alale. Fungua kitabu chake, chagua unaoutaka uhifadhiwe, kisha pumzika. Ukipumzika kwanza halafu ndipo ukachagua, utaamka mikono mitupu na utadhani gemu imekudhulumu.

Uchague upi? Sleep. Unalaza kundi zima la maadui wadogo wa mwanzo, na aliyelala anapigika bila shida. Haugusi wafu wanaotembea, na elfu, wale wenye masikio marefu, wana kinga ya asilimia 90.

Kama kitufe cha uchawi hakibonyezeki kabisa, angalia mavazi. Mpiganaji ambaye pia ni mchawi haruhusiwi kuloga akiwa amevaa vazi la vita. Na karatasi ya uchawi uliyonunua haiingii kitabuni yenyewe, lazima umwamuru aiandike, na hapo pia kuna dadu. Akishindwa, karatasi imeungua. Sevu kwanza. Kasisi yeye hana haja ya karatasi, anapewa orodha yote ya levo yake.

Na ukiwa umejifunza Fireball baadaye: moto ule hauchagui. Unateketeza na watu wako.

Wenzangu wanagombana, wengine wameondoka

Kila mhusika ana msimamo wake, mwema, wa katikati au mwovu, na kikosi kina heshima inayohesabiwa hadi 20. Ukiwasaidia wanakijiji heshima inapanda, na waovu wanaanza kunung'unika hadi wanaondoka. Ukiua raia inashuka, na safari hii wema ndio wanaokuaga. Xzar na Montaron, wale wawili unaokutana nao barabarani mapema, hawaelewani na Khalid na Jaheira. Ukiwaweka wote pamoja, siku moja watashikana mapanga mbele yako. Chagua upande.

Wengine wana shida zao binafsi. Minsc anataka mwenzake Dynaheir akaokolewe, na ukimzungusha sana uvumilivu unamwishia. Khalid na Jaheira wanataka mwende Nashkel kwenye mgodi. Manung'uniko yao yanaandikwa kwenye kisanduku kile kile cha chini, ila watu hawasomi. Najua Kiingereza chake ni kirefu na Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha. Soma hivyo hivyo, maana ukiruka maongezi kwenye gemu hii unaruka gemu yenyewe.

Pia wengi wanakuja wawili wawili. Ukimfukuza Khalid, Jaheira anamfuata mumewe.

Upanga umevunjika mkononi

Ni sehemu ya hadithi ya gemu. Chuma cha eneo lote kimeharibika, na ndicho kinachokupeleka Nashkel kuchunguza. Beba silaha ya akiba. Za uchawi hazivunjiki, wala rungu la mti.

Gemu inakataa kutuachia tuondoke

Unasikia sauti ikikuambia ukusanye kikosi chako kabla ya kuendelea. Mtu mmoja amebaki nyuma, mara nyingi amekwama kwenye njia nyembamba, hasa mgodini Nashkel, ambako watu sita wanasukumana kwenye ushoroba wa mtu mmoja. Bonyeza mara mbili picha zao pembeni, moja moja, kamera itakupeleka alipo. Ukiwa kwenye mapango panga watu wako kwa mstari mmoja nyuma ya mwingine, usiwaache wametapakaa.

Kama hakukwama ila anatembea kama amefungwa mawe, pima mzigo wake. Kila kiwango cha nguvu kina kikomo cha uzito, na Imoen hakuumbwa kubeba mavazi matatu ya chuma ya kuuza. Akisema amechoka, apumzike, maana uchovu unapunguza kulenga. Kulala porini kunaweza kukuletea maadui usiku, hivyo kama kuna nyumba ya wageni karibu, lipa.

Sasa mashine: gemu haifunguki, skrini nyeusi

Laptopu nyingi zinazotufikia zimepigwa Windows upya na fundi aliyekuwa na haraka. Kila kitu kinaonekana sawa, video zinacheza, ila driva ya skrini, programu inayoongoza kifaa cha picha, haijawekwa. Gemu hii inachora picha zake kwa OpenGL, na bila driva hiyo haiendi.

Bonyeza kulia kwenye kitufe cha Windows, fungua Device Manager, tanua Display adapters. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", umeshapata ugonjwa. Inatakiwa isomeke jina la Intel, AMD au NVIDIA. Tafuta driva inayolingana na modeli ya laptopu yako kwenye tovuti ya walioitengeneza. Unaweza kuipakua kwa simu ukaihamisha kwa flashi au waya, hakuna haja ya kuunganisha laptopu ikaanza kunywa bando kwa masasisho ya Windows.

Kama driva ipo na picha bado zinacheza cheza, ingia kwenye mipangilio ya picha ya gemu ujaribu Alternate Renderer. Kama ulibadilisha mipangilio na sasa haifunguki kabisa, nenda Documents, folda ya Baldur's Gate - Enhanced Edition, ulipe jina lingine faili la Baldur.lua. Gemu itatengeneza jipya lenye mipangilio ya kiwandani. Sevu zako hazitaguswa.

Umeme umekatika, sevu haifunguki

Laptopu ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa chaja, umeme ukikatika wakati gemu inaandika faili, sevu hiyo inabaki nusu. Fungua folda ya save ndani ya folda ile ile ya Documents. Kila sevu ina folda yake, na ndani yake kuna BALDUR.gam na BALDUR.SAV. Kimoja kikiwa na ukubwa wa 0 KB, hiyo sahau. Rudi kwenye ya nyuma yake, na ile inayojiandika yenyewe unapoingia eneo jipya mara nyingi huwa imesalimika.

Kwa mbele: kitufe cha Q kinasevu haraka, lakini kinaandika juu ya ile ya zamani, kwa hiyo usikitegemee peke yake. Tengeneza sevu mpya yenye jina tofauti kila unapomaliza eneo, na umeme ukianza kuyumba, taa zikififia na kurudi, usisubiri. Vita ikiwa imepamba moto gemu inaweza kukukatalia kusevu, hivyo sevu kabla ya kufungua mlango.

Hakuna kilichosaidia, nataka kufuta nianze upya

Sawa, lakini nakili folda ya save kwenye flashi kwanza. Kwenye Windows kwa kawaida folda hiyo inabaki hata gemu ikifutwa, ila usiiweke rehani. Kwenye simu ni hatari zaidi: ukiondoa programu, sevu zinaondoka nayo. Zinakaa ndani ya Android/data. Kama simu yako inaificha folda hiyo, jaribu kuiunganisha na kompyuta kwa waya, uifungue kutokea huko, unakili, ndipo ufute.